UZI: Wayahudi wa vijijini Morocco, walivyoondoka na nani anashika funguo zao mpaka leo

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande maana naandikia simu.

Kila nikipita kwenye mijadala ya Waislamu na Wayahudi humu naona watu wanagombana kana kwamba hao watu wamekutana 1948, Israel ilipoanzishwa, kwa mara ya kwanza. Mimi nimesoma Morocco, kwa ile skolashipu ya serikali yao ambayo wengi humu mnaijua, na kitu kilichonikaa moyoni kuliko hata masomo yenyewe ni vijiji vya kusini, Atlas, Sous, Draa, Dades, Todgha mpaka Tafilalt kule jangwa linapoanzia. Huko Wayahudi wameishi karne na karne, milimani, ndani ya nyumba za udongo, na leo ukizunguka vijiji vyote hivyo humkuti hata mmoja.

Mwaka 1948 Morocco ilikuwa na Wayahudi kama 250,000, hakuna nchi ya Kiarabu iliyokuwa nao wengi hivyo. Sasa hivi wamebaki elfu mbili na kitu, na wengi wao wako Casablanca. Wale wa mjini wameandikwa sana, matajiri wa Essaouira, marabi wa Fez, washauri wa masultani. Wa kijijini hawana mtu wa kuwasemea zaidi ya wajukuu wao walioko nje, na wale wazee wa Kiislamu waliokuwa majirani zao, ambao nao wanaisha.

Kijiji kilikuwa kinakaaje? Wayahudi walikuwa na mtaa wao unaitwa mellah, mara nyingi nyumba ishirini thelathini zimebanana, sinagogi katikati, makaburi nje kidogo ya kijiji. Kazi zao ndizo zilizokuwa zinakiendesha kijiji. Sonara alikuwa Myahudi, fundi soji za punda Myahudi, fundi viatu Myahudi, na machinga pia, yule anayepakia vitambaa, sindano, sukari na majani ya chai juu ya punda anapanda milimani kijiji hadi kijiji wiki nzima, anarudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijazama kuiwahi Sabato, na wengine walikuwa wanapotea miezi wanarudi sikukuu tu. Vile vibanio vikubwa vya fedha ambavyo wanawake wa Kiamazigh, wenyeji wa milimani wanaoitwa pia Waberberi, wanafungia shuka mabegani, ambavyo leo watalii wananunua kama utamaduni wa Waberberi, vingi vimefuliwa na mikono ya Wayahudi, na masonara wengi wa Kiislamu wa Tiznit ufundi wao unarudi kwa hao hao.

Halafu kulikuwa na ubia wa mifugo. Myahudi anatoa hela, ng'ombe au kondoo wananunuliwa, Mwislamu anawachunga, wakizaa au wakiuzwa mnagawana. Kwa hiyo walijuana mpaka mfukoni, huyu anajua nani anadaiwa na nani ana binti anayekaribia kuolewa.

Naendelea.

#2

Mkuu tupo. Swali, walikuwa wanaongea Kiebrania hao?

#3 (mleta uzi)

Hapana mkuu, Kiebrania kilikuwa cha sala na cha kusomea Torati tu. Nyumbani ilikuwa Darija, Kiarabu chao cha Morocco, na sehemu nyingi za milimani Kitamazight, lugha ya Waamazigh, kilekile cha majirani. Kuna ushahidi mzuri kabisa wa hili, masimulizi ya usiku wa Pasaka yao, yale ya kutoka Misri, yamepatikana kwa Kitamazight kutoka Tinghir bonde la Todgha. Yaani baba wa Kiyahudi anakaa na watoto wake anawahadithia Musa na Firauni kwa lugha ambayo mchungaji aliyeko nje ya dirisha anaielewa neno kwa neno.

Na hiyo Pasaka ndiyo ilikuwa kipindi ambacho majirani walikuwa wanahitajiana kwelikweli. Siku zile Myahudi haruhusiwi kuwa na hamira wala unga wa kuchacha ndani kwake. Zikiisha, usiku wa sherehe ya Mimouna, jirani Mwislamu ndiye anayemletea unga, hamira, siagi, maziwa na asali, wanapika zile chapati nyembamba za mufleta wanakula pamoja mpaka usiku sana. Leo Mimouna inasherehekewa Israel nchi nzima, wanasiasa wanagombania kupigwa picha na mufleta mkononi, ila yule jirani wa kuleta hamira ndiye hayupo.

#4

Hapo unaipamba sana mkuu. Wayahudi kwenye nchi za Kiislamu walikuwa daraja la pili, hilo hulisemi.

#5 (mleta uzi)

Nalisema, na nilikuwa nafika huko. Walikuwa dhimmi, yaani wasio Waislamu wanaolindwa kwa masharti, walilipa jizya, kodi yao, mpaka Wafaransa walipoingia 1912, na milimani ambako mkono wa sultani haufiki Myahudi alikuwa chini ya ulinzi wa mkubwa fulani wa kabila. Alikuwa anachinja mnyama mbele ya nyumba ya huyo mkubwa, na kuanzia siku hiyo anayemgusa Myahudi amemgusa bwana wake, vita inaweza kuzuka. Inasikika vizuri lakini maana yake ni kwamba usalama wako uko mkononi mwa mtu mmoja, akifa au akishindwa vita umebaki uchi. Na kila eneo lilikuwa na yake, kuna sehemu Wayahudi walimiliki mashamba na kuna sehemu hawakuruhusiwa hata tuta.

Pale Ifrane ya Anti-Atlas, ambako jamii yenyewe inasimulia kwamba ilifika tangu enzi za kubomolewa Hekalu la kwanza la Yerusalemu, kuna kaburi la watu wanaoitwa waliochomwa. Masimulizi yanasema mwishoni mwa karne ya 18 mtawala mmoja muasi aliwapa wanaume kama hamsini wachague kusilimu au moto, wakaingia motoni. Kwa hiyo hapana, sipambi. Ninachosema ni kwamba watu haohao waliobeba kumbukumbu ya moto ndio haohao wanaolia wakikumbuka jirani wa hamira, na ukiondoa kimoja kati ya hivyo viwili historia yao umeikata kichwa au miguu.

#6

Sasa kwanini waliondoka? Walifukuzwa?

#7 (mleta uzi)

Hili ndilo swali ambalo kila upande una jibu lake fupi, na majibu mafupi yote yanapwaya.

Hakuna sheria Morocco iliyowafukuza. Sultani Mohammed V wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa ya Vichy, ile serikali iliyoshirikiana na Wanazi, ilipoleta sheria za kibaguzi, anakumbukwa na Wayahudi wa Morocco kama mlinzi wao, kwa heshima kubwa mpaka kesho. Lakini Juni 1948, Israel ikiwa na wiki chache tu, kulitokea mauaji Oujda na Jerada, zaidi ya Wayahudi 40 waliuawa. Habari hiyo ilifika mpaka milimani. Biashara nayo ilikuwa inakufa taratibu, maana Wafaransa walileta barabara na malori, bidhaa za kiwandani zikapanda mlima zenyewe, sasa machinga wa punda na fundi viatu wa kijijini watakula nini? Ongeza na dini, watu ambao kila mwaka wanaomba "mwakani Yerusalemu" wanakuja kuambiwa na wajumbe wa Shirika la Kiyahudi (Jewish Agency, lililokuwa linahamishia watu Israel) kwamba mwakani ni mwaka huu, wengine waliona ni Masihi kabisa.

Baada ya uhuru wa 1956 serikali ikazuia kuhama, watu wakawa wanatoroshwa. Januari 1961 meli ndogo iliyoitwa Egoz ilizama usiku upande wa kaskazini na watu 44 wakafa, familia nzima nzima. Maiti zilizopatikana zilizikwa Al Hoceima, zikaja kuhamishiwa Israel 1992. Februari 1961 Mohammed V akafariki, akaingia Hassan II, na mwisho wa mwaka huohuo yakafikiwa makubaliano ya kimyakimya. Israel ikalipa hela kwa kila kichwa kinachotoka, kazi ikapitishwa kwenye mgongo wa shirika la misaada la New York, na kati ya 1961 na 1964 wakaondoka karibu laki moja.

Huko vijijini ilivyokuwa ni kwamba basi au lori linakuja, mara nyingi usiku, na asubuhi mellah nzima tupu. Hadithi wanazosimulia wazee zinafanana vijiji vingi sana, watu wanasindikiza magari wanalia, wengine wanafukuzia wadeni wao, wengine wananunua nyumba na vyombo kwa bei ya kutupa. Wiki moja kuna sonara, wiki inayofuata mwanamke kibanio kimekatika hajui ampelekee nani.

#8

Daaah. Kulipiwa kwa kichwa kama mbuzi. Na huko walikofika?

#9 (mleta uzi)

Huko nako kulikuwa na yake, na hapa ndipo wajukuu wengi wanapoanzia masimulizi yao.

Kwanza kulikuwa na mchujo. Kuanzia 1951 Israel iliweka masharti ya umri na afya kwa wanaotoka Morocco, wakitaka vijana na familia zenye mtu wa kufanya kazi. Mgonjwa, kilema, mzee asiye na wa kumtunza, wanaambiwa subirini. Fikiria familia ya mlimani ambayo haijawahi kulala mbalimbali inaambiwa bibi abaki.

Waliofika, wengi wanakumbuka kupuliziwa dawa ya wadudu ya DDT wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kabisa za safari. Kuanzia 1954 kukawa na mpango wa kuwachukua moja kwa moja kutoka melini mpaka kijiji kipya cha ushirika, wanapakiwa kwenye malori usiku, kukicha wanajikuta Negev au Lakhish, kusini mwa Israel, vibanda na vumbi. Sonara kapewa jembe. Wengine wakapelekwa miji mipya ya pembezoni, Dimona, Yeruham, Netivot, Kiryat Shmona. Kudharauliwa kwa lafudhi yao, chakula chao na nyimbo zao ndiko kulikozaa fujo za Wadi Salib pale Haifa 1959 na lile vuguvugu la Black Panthers la Jerusalem 1971, la vijana wa Kiyahudi wenye asili ya nchi za Kiarabu. Watoto wao walikua wanaona aibu mama akiongea Darija mbele ya wenzao, na leo wajukuu wanajifunza hiyohiyo Darija kwa kulipia ada.

Nisimulie hili moja maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Juu ya Atlas karibu na Agouim, barabara ya Marrakech kwenda Ouarzazate, kuna kaburi la walii wao, Rabi David u-Moshe. Kila mwaka wanamfanyia hillula, ni kama hauli yetu tu, watu wanakesha, mishumaa, nyama, nyimbo, wagonjwa wanaletwa. Sasa waliohama wakabaki na huzuni kwamba walii wao wamemwacha peke yake. Mwaka 1973 mfanyakazi mmoja wa misitu, mzaliwa wa Atlas, anakaa kwenye fleti ya serikali kule Safed, kaskazini mwa Israel, akaota walii amemjia anamwambia watu wangu wameondoka nimebaki na nani, nimekufuata, nipe chumba. Mzee akatenga chumba kwenye fleti yake, akatangaza. Watu wakaanza kuja, mwisho maelfu kila mwaka, ndani ya mtaa wa magorofa. Kwao walii alihama kama walivyohama wao. Na lile kaburi la Agouim nalo halikuachwa, mahujaji wanakwenda na walinzi wake ni Waislamu.

#10

Hao walinzi nao vipi, wanalipwa?

#11 (mleta uzi)

Wageni wakija wanaacha chochote, sehemu nyingine mjukuu aliyeko Ufaransa au Canada anatuma hela. Wengi walirithi tu. Baba alipewa ufunguo na jirani siku ya kuondoka, "tuangalizie wazee wetu", baba kafa kamwachia mtoto.

Niliwahi kwenda na rafiki wa chuo kijijini kwao upande wa Taliouine. Mlinzi wa makaburi pale ni mama mtu mzima, ufunguo ameurithi kwa baba mkwe wake, wa chuma mrefu kama kiganja, amefunga na utambi wa sufu anauvaa kiunoni pamoja na wa stoo ya shayiri. Makaburi ya pale hayana maandishi, ni mawe tu ya mlimani yamelazwa, machache yamepakwa chokaa. Anang'oa miiba, anazuia mbuzi, mvua ikibomoa ukuta anaita wanae wanaziba kwa udongo. Sinagogi dari lilishaanguka, boriti zimelala chini, ila ukutani bado kuna kile kishubaka cha Torati na rangi ya bluu yake.

Akatusimulia mjukuu mmoja aliyekuja kutoka Ashdod, mji wa Israel, na ramani bibi yake kamchorea kwenye daftari, kisima, kushoto, mlango wa tatu. Mlango wa tatu ulishazibwa ukawa ukuta, kijana akaanza kupapasa ukuta, na familia inayokaa humo ikaingiwa na hofu, wakadhani kaja kudai nyumba. Mzee wa nyumba akakimbilia ndani akatoka na karatasi ya mauziano imekunjwa mara nane, anaitetemesha mbele ya kijana. Mama mlinzi ndiye aliyekaa katikati akamweleza mzee kwamba huyu anataka kuona tu. Wakamwingiza, wakampa chai na amlou, rojo la lozi, mafuta na asali, kijana akampigia bibi video, bibi na yule mzee wakaanza kuongea Kitamazight, na kijana hajui hata neno moja la wanachocheka.

Kwa hiyo wanaosema wenyeji wote wanawangoja kwa mikono miwili, hapana, hofu ya ardhi ipo na ina haki yake. Lakini hofu hiyo ilikwisha kwa sababu wazee wawili bado walikuwa na lugha moja. Wakifa hao kikombe cha chai kitapatikana, hayo mazungumzo hayatapatikana.

#12

Mkuu Gaza watu wanakufa wewe unatuletea habari za Wayahudi kunywa chai na Waislamu? Hii ni propaganda tu ya kusafisha watu.

#13 (mleta uzi)

Ndugu yangu nakuelewa na hasira yako sina neno nayo. Ila nikwambie, Wamorocco waliojaa barabarani Rabat kwa maelfu kuiandamania Palestina baada ya Oktoba 2023 ndio watu wale wale wa hivyo vijiji, na sijasikia aliyerudi kwao akavunja kaburi la Rabi fulani kwa ajili hiyo. Yule mama wa Taliouine picha ya Al-Aqsa iko sebuleni kwake na ufunguo uko kiunoni. Yeye haoni vinagongana. Mjukuu wa Ashdod ana serikali yake na siasa zake, mimi simtetei, lakini bibi yake alikuwa wa kijiji kile na hilo haliwezi kufutwa na serikali yoyote.

Ninachoogopa mimi ni kitu kingine. Watafiti waliokaa kwenye oasisi za kusini, akiwemo mmoja aliyezaliwa hukohuko, wanaeleza kwamba babu anamkumbuka Myahudi kama jirani mwenye jina, kwa uzuri na ubaya wake, baba anakumbuka nusunusu, na mjukuu Myahudi anayemjua ni wa kwenye televisheni tu, mwenye bunduki. Kijana huyo anapita kila siku mbele ya mellah akienda shule na hajui ni nini. Israel nako kuna kijana kama huyo anayemjua Mwarabu kwa namna hiyohiyo, na bibi yake alinyonya kwa jirani Mwislamu. Kama hiyo ni propaganda basi wazee wote niliowasikia ni wapropaganda.

#14

Serikali ya Morocco inafanya lolote au ni wanavijiji tu?

#15 (mleta uzi)

Inafanya, na kwa nchi za kule imefanya zaidi ya wengine. Katiba ya 2011 imetaja Uebrania kati ya mito iliyounda utambulisho wa taifa. Kuanzia 2010 mfalme Mohammed VI aliagiza makaburi ya Kiyahudi yatengenezwe nchi nzima, yakafikiwa maeneo 167, kuta, mageti, njia. Kabla ya hapo kazi nyingi ya mwanzo aliifanya Simon Lévy, Myahudi wa Morocco, mkomunisti aliyepinga ukoloni wa Wafaransa, aliyekataa kuhama. Yeye ndiye aliyesimamia makumbusho ya Kiyahudi ya Casablanca yaliyofunguliwa 1997, na taasisi yake ikakarabati masinagogi ya vijijini kama la Ighil n'Ogho na la Ifrane. Alifariki 2011. Makumbusho yakashikwa na Zhor Rehihil, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa mhifadhi hapo tangu zamani.

Mradi mwingine ninaoukubali ni wa Akrich, karibu na Marrakech. Pembeni ya makaburi ya Kiyahudi kulikuwa na ardhi ya jumuiya yao imekaa bure, wakaitoa kwa wakulima, tangu 2012 kuna kitalu cha miche ya matunda pale, milozi, tini, makomamanga, inagawiwa kwa vijiji vya jirani. Ninaupenda kwa sababu mwanakijiji anapata kitu. Ukarabati mwingine unafungwa kufuli na ufunguo unapelekwa mjini, mwenyeji anabaki kuwaangalia watalii tu.

Changamoto ni udongo. Hizi nyumba bila mtu kukandika kila baada ya mvua zinarudi kuwa kichuguu. Na lile tetemeko la Septemba 2023 la Al Haouz, lililoua zaidi ya watu 2,900, lilipiga hukohuko Atlas. Watu walikuwa wanafukua watoto wao, nani ana muda wa ukuta wa sinagogi, na ni haki kabisa.

#16

Vipi wale Abayudaya wa Mbale Uganda, nao ni hawa?

#17 (mleta uzi)

Hapana mkuu, wale walianza 1919 na Semei Kakungulu, Waganda wenyewe walioamua kushika Torati, na wapo mpaka leo, wanalima kahawa. Ni habari nyingine na wanastahili uzi wao, mwenye kuwafahamu vizuri aufungue nitakuja.

#18

Mimi nipo Rabat mwaka wa pili, huu uzi umenishtua, nipo huku na sijui chochote. Nianzie wapi kaka?

#19 (mleta uzi)

Safi sana. Anzia makumbusho Casablanca, mtaa wa Oasis, unapanda treni tu asubuhi unarudi jioni, kaangalie vifaa vya sonara na zile nguo. Halafu tafuta rafiki wa kusini, chuoni kwenu hawakosekani, Tata, Akka, Tinghir, Zagora, mwombe likizo akupeleke kwao. Usiende kama mtalii wa sinagogi. Nenda salimia, kaa, kunywa chai, chakula kikishaliwa ndipo umuulize mzee wa nyumba swali moja, sonara wenu alikuwa nani. Atakutajia jina, na jina la baba yake, na deni alilomwachia. Mwombe ruhusa urekodi kwa simu, na hiyo rekodi mwachie mjukuu wake nakala kabla hujaondoka, maana siku Ashdod ikipiga simu yeye ndiye atakayeulizwa.